Nchi Iliyozika Milango

Ko. Ko, ko. Kisha kimya, kisha ko.

Nilikuwa macho gizani, mwanangu Tausi ananyonya, nikawa nazisikiliza hizo kokoto. Mwenyeji wangu, Mashavu, alikuwa amezifunga kwenye pindo la kanga, na kanga hiyo ndiyo iliyokuwa mlango wa nyumba yake. Upepo ukipita, kanga inainuka na kokoto zinagonga kizingiti. Upepo ukikaza, kanga inapanda hadi kwenye boriti na ubaridi unaingia wote kwa pamoja kama wageni wa harusi. Upande wa pili wa mkeka binti yake Chiku alikohoa kile kikohozi kikavu ambacho mama yeyote akikisikia hukaa kitako, hata kama mtoto si wake.

"Lala tu, dada," Mashavu alininong'oneza. "Ni kifua chake. Kipupwe kikigonga hodi tu, basi. Mwaka jana nilimkeshea msimu mzima, nikadhani namkosa."

"Na mlango hamna kabisa?"

"Mlango upo. Mzuri, wa mvule, nimeushika kwa mikono yangu. Shida ni kwamba kisheria umekufa."

Nilifikiri usingizi ndio unaosema. Lakini Mashavu alikuwa macho kama mimi, na kulipokucha nikaanza kuielewa nchi ya Upyani.

Safari ya kufika huko sitaisimulia. Kila msafiri huona vumbi la njia yake ndilo jekundu kuliko la wenziwe. Nitaeleza nilichokiona, kwa utaratibu aliotufundisha mwalimu wetu wa darasa la jioni: litangulie jicho, mdomo ufuate.

Wapyani ni watu wema. Mgeni hashindi njaa kwao, na mtoto mchanga hupita mikono ya mtaa mzima kabla hajarudishwa kwa mama yake. Wanaamkiana kwa kuulizana "Mpya?" na jibu ni "Mpya kabisa!" Nilimsikia bibi mmoja aliyepinda mgongo, ameng'ang'ania mkongojo, akilijibu hilo kwa sauti ya kujiamini, na hakuna aliyecheka.

Sheria yao kubwa ni kwamba kitu cha nyumba hakitumiki mara mbili. Wanaamini mbao na bati huingiwa na maneno. Mlango uliosikia ugomvi utawagombanisha na wengine. Dirisha lililochungulia msiba litaita msiba mwingine. Kwa hiyo familia ikihama, au ikichoka tu na rangi ya ukuta, nyumba inabomolewa na kila kilichokuwamo kinazikwa kwa heshima zote, kwa gharama ya serikali. Nami nilialikwa kwenye mazishi ya dirisha. Walikuwapo waliaji wa kukodiwa, wanawake watatu wenye sauti nzuri sana, na Mheshimiwa Shaame, Msimamizi Mkuu wa Mazishi ya Vitu, akatoa hotuba ndefu.

"Lilikuwa dirisha lenye msimamo," alisema. "Mvua ilikuja, likafungwa. Jua lilikuja, likafunguliwa. Nani kati yetu anaweza kujisifu kwa utii kama huo?"

Tulitikisa vichwa. Dirisha lenyewe lilikuwa zima, kioo chake bila ufa, na lilipokuwa likishushwa shimoni liliakisi wote tuliokuwapo, na nyuma yetu safu ya nyumba zilizofungwa kwa magunia.

Nilimuuliza Mashavu kwa nini wasinunue milango mipya.

"Mlango mpya unatokana na mti mpya," alinijibu, "na mti mpya siku hizi unatoka mbali, bei yake ya wakubwa. Miti ya hapa karibu yote tumeshaizika."

Makaburi ya Vitu yameuzunguka mji pande zote. Yalianza kwa kula mashamba ya mihogo, yakala uwanja wa mpira, na nilipofika yalikuwa yamekaribia bustani ya shule. Baraza la mji lilikwishaliona tatizo hilo. Halikukaa kimya, lilipitisha Azimio la Kusimama, kwamba vitu vyote virefu vizikwe vikiwa wima ili kuokoa nafasi. Azimio hilo walinieleza kwa fahari, wakanionyesha eneo la majaribio ambako milango ilizikwa imesimama, ncha zake zikiwa zimechomoza kidogo ardhini kama meno ya mtoto.

Sasa nieleze habari ya Bi Saumu, maana ndiye aliyeushikilia ule mlango wa mvule.

Alikuwa mwanamke mfupi, mjane, mikono yake imejaa makovu madogo madogo, ulimi wake haukupata kutu hata siku moja. Alikuwa na uwanja pembezoni mwa mji, umeezekwa kwa mabati yasiyofanana rangi, na juu ya lango alikuwa ameandika kwa chokaa neno moja tu: BADO. Mashavu alinipeleka asubuhi iliyofuata usiku ule wa kokoto, Chiku akitutangulia mbio.

"Hodi hapa!"

"Karibuni, karibuni, tazameni mnapokanyaga, kuna misumari. Chiku, mke mwenzangu, umekuja kumwona mume wako?"

Chiku alimpita. Alikwenda moja kwa moja kwenye ule mlango wa mvule, uliopakwa rangi ya kijani na kuegemezwa ukutani, akauwekea kiganja na kuuliza kwa sauti ndogo, "Unakuja lini?"

"Kila siku anauuliza," alisema Bi Saumu. "Na mlango, kwa adabu zake, haumdanganyi."

Nilikaa uwanjani pale hadi mchana. Milango ilisimama kwa safu kama watu wanaosubiri daktari. Vitasa vilijaa ndoo, bawaba zilikuwa zimelowekwa kwenye mafuta, matofali yamekwanguliwa chokaa yakapangwa kwa urefu wa mtu. Kulikuwa na sinki la jikoni lililogeuzwa kiota na kuku, na hakuna aliyeona sababu ya kumsumbua. Kivulini walikaa wanawake wawili na kijana mmoja wakinyoosha misumari juu ya jiwe: wanauzungusha msumari, wanatafuta pale ulipopinda, wanagonga taratibu, tii, tii, mpaka unyooke.

Wanaoleta vitu, Bi Saumu alinieleza, hawaji mchana. Wanakuja jua likizama, mkokoteni umefunikwa majani ya ng'ombe, na kila mmoja anaanza kwa kusema, "Si vyangu hivi, ni vya jirani."

"Mtaa huu," alisema, "una majirani wengi kuliko watu."

"Na wewe unawaambiaje?"

"Nauliza swali moja: kimetoka wapi? Akija wa kuchukua naye namuuliza: kinakwenda wapi? Asiyejua kinakwenda wapi simpi, maana huyo atakwenda kukirundika, kisha kitaishia shimoni kwa Shaame kikiimbiwa nyimbo. Mwenye uwezo ananipa alichonacho. Asiye nao ananinyooshea misumari."

"Kinachozidi?"

"Hakizidi, mama Tausi. Kikikaribia kuzidi nakipeleka zahanati. Ulipita wodi ya wazazi? Uliona paa?"

Nililiona. Ni paa lenye rangi za kila namna, kama kitambaa cha viraka, na chini yake wanawake wamelala wakavu.

Ule mlango wa kijani ulikuwa umeshapunguzwa kwa randa kulingana na nyumba ya Mashavu, fremu yake imetengenezwa, bawaba zimefungwa. Kilichobaki ni kuusimamisha. Rangi yake ilikuwa imefifia mahali mkono wa mtu mzima unapofika, na imefifia pia chini zaidi, usawa wa goti langu. Kwa nini huko chini, sikuwaza sana.

Tulikuwa tunazungumzia namna ya kuubeba bila kuonekana ndipo akaingia Bwana Vuai.

Kwetu husemwa ya kale hayanuki. Upyani kuna mtu analipwa mshahara kuyanusa. Bwana Vuai ndiye aliyekuwa Afisa Mnusi wa mji, kijana mwembamba, nadhifu, mwenye leso nyeupe. Kazi yake ilikuwa kupita majumbani, kunusa mbao na kutangaza kama ni mpya au imewahi kuishi. Siku hiyo alikuwa na mafua makali.

"Mpya?" alitusalimu, akapiga chafya.

"Mpya kabisa, mwanangu. Umekuja kuninusa?"

"Leo pua haifanyi kazi, Bi Saumu. Lakini sheria inafanya." Alifunua karatasi na kusoma kwa shida, akipumulia mdomoni. Duka liitwalo Bado lilikuwa limekutwa na hatia ya kuzuia maiti. Vitu vyake vyote vingezikwa katika shimo moja siku ya mazishi ya wiki, milango, mabati na misumari, iliyonyooka na isiyonyooka. Aliye na neno aje Baraza kesho asubuhi.

Nyundo za kivulini zilinyamaza. Mashavu alimvuta Chiku karibu na gauni lake, na nikaona vidole vyake vinasugua kifua cha mtoto juu chini, juu chini, kama vile dawa ingetoka kwenye kiganja.

"Hata huo wa kijani?" aliuliza.

"Hasa huo," alisema Bwana Vuai, akatazama chini. "Umetajwa kwa rangi yake. Pole, dada. Mimi nanusa tu, siamui."

Bi Saumu akamsogezea kigoda. "Kaa hapo unywe chai ya tangawizi. Ukanizike ukiwa mzima."

Akakaa, akanywa. Nao wakaanza tena kugonga misumari, kwa sababu hakuna aliyewaambia waache.

Baraza la Upyani hukutana kwenye jumba zuri lenye viti vya kifahari ambavyo bado vimo kwenye nailoni za dukani. Nailoni hazivuliwi, ili viti visije vikakaliwa. Wajumbe hukalia nailoni. Kila mmoja akijigeuza, jumba zima husikia. Wananchi tulikaa sakafuni. Nilikuwa na Tausi mgongoni na Chiku mapajani.

Mheshimiwa Shaame alifungua shauri kwa kumuuliza Bi Saumu kama yeye ni mfanyabiashara.

"Nina duka, Mheshimiwa."

"Basi faida yako iko wapi?"

"Iko juu ya wodi ya wazazi. Imeezekwa."

Nailoni zililia jumba zima. Mjumbe mmoja akasema duka lisilotafuta faida ni sadaka. Mwingine akapinga: sadaka hutolewa mlangoni mwa nyumba ya ibada, na pale si nyumba ya ibada, kuna kuku kwenye sinki. Wa tatu akasema kama si duka na si sadaka, basi ni ugonjwa, upelekwe kwa mganga mkuu. Walijadili hilo kwa makini na bila matusi, na ninakiri kwamba sijawahi kuona watu wakistahiana kiasi kile wakiwa mbali kiasi kile na jambo lenyewe. Mlango wa mvule haukutajwa hata mara moja. Chiku alikohoa. Wakasubiri amalize, kwa heshima, kisha wakaendelea.

Hatimaye aliinuka Mzee Hasnuu, mtunza ardhi wa Makaburi, mtu mzito mwenye sauti ya taratibu.

"Mimi nauliza jambo dogo tu," alisema. "Hilo shimo moja la kuzikia duka zima, tutalichimba wapi? Imebaki bustani ya shule."

"Tuichimbe," alisema mjumbe mmoja.

"Na mwaka kesho?"

"Mwaka kesho tutachimba shule."

Wajumbe walijigeuza, nailoni zikalia. Hata wao walisikia. Mheshimiwa Shaame alikuna kidevu, akatafuta pa kutazama, na macho yake yakaniangukia mimi.

"Tunaye mgeni. Mama, hebu simama. Kwenu huko, vitu vizee mnavizika wapi?"

Nilisimama. Tausi alinishika sikio. Nilijua ninachotaka kusema, kwamba kwetu hatuziki milango, lakini woga ukanifanya nijibu kama mwanafunzi, jibu fupi kwa swali lililoulizwa.

"Mheshimiwa, kwetu mlango wa zamani, ukiwa imara, tunautia ukutani."

"Ukutani! Ukiwa umelala?"

"Umesimama, Mheshimiwa."

"Ukuta wa nini?"

"Sisi wenye hali ya chini, wa udongo."

Nilisikia mnong'ono ukipita juu ya nailoni kama mvua ya kwanza. Mzee Hasnuu alikuwa ameinama mbele, macho yanang'aa. "Ngoja kwanza. Mnauzika kwenye udongo, wima, juu ya ardhi? Na hauchukui shamba?"

"Hauchukui, mzee wangu."

"Wenzetu wamefika mbali!" alisema, akawageukia wajumbe. "Sisi tumezika wima kwenda chini, wao wanazika wima kwenda juu! Hili ndilo Azimio letu la Kusimama, ila wao wamelimaliza!"

Nilifungua mdomo nimsahihishe. Darasani tulifundishwa kwamba kosa likipita mbele yako ukaliacha, limekuwa lako. Lakini Mashavu alikuwa ananitazama vile unavyomtazama mtu aliyebeba mtungi uliojaa hadi mdomoni, nikasita, na katika kusita kwangu Bi Saumu akasimama.

"Waheshimiwa, nisije nikaambiwa kesho nimewadanganya," alisema. "Mlango huo ukizikwa kwenye ukuta wa Mashavu, utafunguka na kufungwa."

"Marehemu atajongea?" Mheshimiwa Shaame alishtuka.

"Atajongea. Lakini hatatoka mahali pake. Amefungwa bawaba."

Hapo mjadala ukawa mkali kweli. Sheria ilikataza marehemu kuhamishwa kaburini. Je, kujongea ni kuhama? Vitabu vilifunguliwa, vikafungwa. Mwishowe Mzee Hasnuu akasema kwamba marehemu kugeuka kaburini haijawahi kuwa kosa, na wangapi kati ya waliozikwa na Baraza hili hawajageuka? Hoja ikapita.

"Na maneno?" aliuliza mjumbe aliyekuwa hajasema kitu, mama mmoja wa makamo. Sauti yake haikuwa ya mzaha. "Mlango una maneno ya watu ndani yake. Yataingia kwenye nyumba ya huyu binti. Mimi hilo naliogopa, nisiseme uongo."

Bi Saumu alimjibu kwa upole ambao sikuwa nimeusikia kwake kabla. "Mama, ndiyo maana nauliza kimetoka wapi. Neno linalotisha ni lile lisilosemwa. Yasemwe mbele ya watu siku ya kuuzika, kama tunavyosoma wasifu wa maiti. Likiwa baya, Mashavu atajua anaishi na nini. Likiwa zuri, si ndiyo neema?"

Mama yule aliitikia kwa kichwa mara moja, akaketi.

Mheshimiwa Shaame akamwita Mashavu. Alimuuliza kama yuko tayari kulitunza kaburi, maana sheria inawataka wafiwa kuzuru, na kwa masikitiko makubwa Wapyani siku hizi hawazuru.

"Utamzuru mara ngapi?"

"Kila nikitoka, Mheshimiwa. Na kila nikiingia."

Wajumbe waliguswa. Mmoja alitoa leso.

"Una la kuongeza?"

Mashavu alitazama viti, nailoni, vitabu. "Mtoto wangu anakohoa," alisema. "Hayo mengine mnayajua nyinyi."

Sijui ni lipi lililowafikia. Huenda ni hilo. Huenda ni bustani ya shule. Ninachojua ni kwamba Baraza liliamua kabla ya adhuhuri: mlango wa mvule uzikwe kwenye ukuta wa Mashavu, wima, kwa taratibu zote, na uwanja uitwao Bado uandikishwe kuwa sehemu ya Makaburi, tawi la juu ya ardhi, Bi Saumu akiwa mlinzi wake. Kuhusu faida, Mheshimiwa Shaame alisema jambo hilo sasa halina utata, kwa kuwa makaburi hayana faida. Wote wakaafiki. Ilikuwa mara ya kwanza mtu katika jumba lile kuielewa kazi ya Bi Saumu.

"Hukasiriki?" nilimuuliza tukiwa njiani. "Umeitwa mlinzi wa maiti."

"Nikasirike kwa nini? Sheria nayo ni msumari tu. Ikipinda haitupwi, hugongwa taratibu." Akacheka. "Tena hapa uligonga wewe, na hukujua hata nyundo iko mkono gani."

Kweli sikujua. Nimelifikiria sana jambo hilo tangu nirudi kwetu. Nilikwenda Upyani nikidhani watu wenye sheria za kijinga wanangoja kuambiwa kwamba ni za kijinga. Walikuwa wanangoja kitu kingine, pa kupitia bila kuaibika. Nikikumbuka nyumba zetu huku, na vitu tunavyovitupa kwa sababu vimewahi kuwa vya fulani, siwacheki sana.

Mazishi yalifanyika kesho yake mchana, jua kali, upepo wa kipupwe ukipeperusha mitandio. Sijapata kuona msiba wenye furaha vile. Mlango ulibebwa na watu sita kutoka Bado, mabegani, juu juu, Chiku akitembea chini yake kama mtu aliye chini ya mwavuli. Wale waliaji watatu walilia vizuri, ingawa mmoja wao aliniuliza pembeni kama Bi Saumu ana madirisha. Fundi alisimamisha fremu kwenye uwazi wa ukuta, akaiweka sawa kwa timazi, na Bwana Vuai, pua nyekundu, akatupia konzi ya kwanza ya udongo mbichi pembeni mwa fremu, kama afanyavyo afisa kaburini. Kisha mtaa mzima ukajaza, kila mtu konzi yake, wakibana na kusawazisha kwa viganja. Kanga ya mlangoni ilishushwa, Mashavu akaikunja na kujifunga kiunoni.

"Wasifu wa marehemu," alitangaza Mheshimiwa Shaame. "Nani anajua ulikotoka?"

Watu walitazama miguu yao. Kwa Mpyani, kukubali kwamba anakijua kitu kizee ni kama kukubali kwamba hajaoga. Bi Saumu nilimwona anajizuia, maana alijua.

Mzee Hasnuu alikohoa kidogo.

"Si wangu," alisema. "Ulikuwa wa jirani yangu."

"Endelea, mzee."

"Huyo jirani alikuwa na watoto wanne. Wote walijifunza kusimama kwa kuushika mlango huo. Hapo chini, mtaona, rangi imeisha." Aligusa mahali pale, usawa wa goti, na mkono wake ukabaki pale kidogo. "Wamehama wote. Jirani akaona nyumba imekuwa kubwa. Akabomoa. Ugomvi ulikuwapo, wa kawaida. Lakini mlango ukifungwa usiku, walikuwa wote ndani. Basi. Ndilo ninalolijua kuhusu jirani."

Yule mama wa makamo wa Baraza alisogea mbele, akaunusa mlango mwenyewe, kwa pua yake, na kurudi nyuma akiwa ametulia.

"Mpya?" mtu mmoja alimuuliza, kwa mazoea.

"Hapana," alisema. "Lakini mzuri."

Fundi aliingiza pini za bawaba, akauachia. Mlango ulining'inia, ukajongea kidogo, ukasimama. Mheshimiwa Shaame hakuweza kuiacha nafasi hiyo ipite; akapanda juu ya kinu kilichopinduliwa akaanza hotuba. Alisema juu ya ukurasa mpya katika historia ya mazishi. Alisema kanuni zingefuata: vipimo vya kaburi la dirisha, saa halali za kuzuru, kibali cha kugeuka. Kwa mbali, huko kwenye lango la Bado, tayari nilikuwa naona watu wakijipanga na mikokoteni, mchana kweupe, na mikokoteni haikufunikwa.

Mashavu alinivuta mkono tukaingia ndani, mimi na Tausi wangu, tukakaa kwenye mkeka. Chiku alibaki kizingitini. Aliutazama mlango juu mpaka chini, akazunguka nyuma yake, akauwekea viganja vyote viwili na kuusukuma. Ulikuwa mzito kwake. Uligoma katikati, akaukandamiza kwa bega, miguu ikiteleza sakafuni. Mashavu alitaka kuinuka amsaidie, nikamshika goti. Mlango ukaenda, ukaenda, sauti ya Mheshimiwa Shaame ikawa nyembamba, "na kwa hiyo ndugu wananchi, kwa niaba ya," na komeo likaingia mahali pake.

Nyumba ilinyamaza. Mwanga ulikuwa ule mdogo wa dirishani tu, na hewa ilikuwa imetulia mpaka nikasikia pumzi za Tausi. Chiku aligeuka, mgongo ameuegemeza kwenye mbao, akamtazama mama yake.

"Mama," alisema, "nimeufunga mlango."